Gari la Marehemu Mzee na Ugomvi wa Sura

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, walitujia ofisini msikitini ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja: wanaume wawili na dada yao. Baba yao alifariki mwanzoni mwa mwaka, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye ameacha nyumba, shamba dogo la minazi, na gari. Nyumba na shamba havikuwaletea tabu. Hesabu ya mirathi ilikwisha kupigwa na masheikh wetu, na kila mmoja aliridhia fungu lake. Kilichowagombanisha ni gari. Ni Peugeot 504, stesheni wagoni yenye safu tatu za viti, rangi ya maziwa, ambayo imekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba tangu miguu ya mzee iliposhindwa kukanyaga klachi.

Hawakuja kutaka fatwa. Walikuja kwa sababu katibu wa msikiti, katika mitaa yetu, ndiye mtu anayeletewa kila jambo lisilo na ofisi yake. Kaka mkubwa anataka gari lifufuliwe, lipakwe rangi, litembee tena. Mdogo wake anataka liuzwe, na fedha zake ziongezwe juu ya akiba yao ili lije gari la kileo, lile refu lililoinuka, aliloliona kwa madalali wa magari yanayotoka Japani.

“Ustadhi,” alisema kaka mkubwa, “yale anayoyataka huyu si magari. Ni viatu vya raba vilivyofungwa taa.”

“Na lako, kaka, ni sanduku la bati lenye macho ya usingizi,” alijibu mdogo wake.

Dada yao alinyamaza. Tutarejea kwake.

Tumeona vema tuizungumze kadhia hii hapa kwa sababu si ya nyumba moja. Kila barazani penye wapenzi wa magari, kuanzia kwetu hadi Ulaya na Marekani, mjadala ni huu huu: kwamba magari ya zamani yalikuwa na sura, na ya leo yamekuwa yote mamoja, yamekunja uso, yameachama vinywa, na hayatambulikani moja na jingine mpaka usome jina lililobandikwa nyuma. Wapo wanaosema hayo kwa uchungu wa kweli, kana kwamba wamedhulumiwa. Wapo wanaowacheka. Nasi, tukiri mapema, tulikuwa upande wa kaka mkubwa kabla hatujakaa na kulifikiri jambo lenyewe.

Tuanze na haki ya 504. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Mistari yake ilichorwa kwa ushirikiano na karakana ya Pininfarina ya Italia, ambayo ndiyo iliyokwisha kuchora Peugeot 404 iliyolitangulia. Atazamaye taa za mbele za 504 huona macho marefu yaliyopinda kidogo kuelekea nje, macho ya mtu mpole anayesikiliza. Salooni yake ina buti lililoinama ghafula, kana kwamba mchoraji alikatizwa kazi, na bado linapendeza. Vioo vyake ni vipana, nguzo zinazoshika paa ni nyembamba, na aliyekaa ndani huiona dunia yote inayomzunguka.

Kwetu Afrika Mashariki gari hilo halikuwa la kutazamwa tu. Katika mbio za Safari, Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, Bert Shankland. Kisha 504 yenyewe ikashinda 1975 na 1978. Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Ufaransa kuacha kuunda salooni zake. Stesheni wagoni za safu tatu ndizo zilizobeba abiria wa safari ndefu katika barabara za Kenya hata watu wakaziita magari ya abiria kwa jina hilo hilo, Pijo. Kwa hiyo kaka mkubwa anapotazama ile mashine chini ya mwembe, haoni bati peke yake. Anaona bibi harusi aliyeletwa nalo, na mgonjwa aliyewahishwa hospitali usiku wa mvua, na baba yake akiwa na nguvu zake.

Hapo ndipo tulipopaswa kuwa waangalifu. Mara nyingi mtu asemapo gari la zamani ni zuri, anasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa kijana.

Historia inatushuhudia. Mwaka 1955 kampuni ya Citroën ilifunua mjini Paris gari lake la DS, lililosanifiwa na mchongaji sanamu wa Kiitalia, Flaminio Bertoni. Halikufanana na kitu chochote kilichokuwa barabarani: pua iliyoteremka bila wavu wa kawaida, magurudumu ya nyuma yaliyofichwa, na mwili uliokuwa kama samaki. Leo ukiwauliza wapenzi wa magari gari zuri kuliko yote la karne iliyopita, wengi watakutajia hilo. Lilipokuwa jipya lilikuwa kioja.

Mwaka 2001 kampuni ya BMW ilitoa toleo jipya la gari lake kubwa, la safu ya 7, chini ya mkuu wake wa usanifu, Mmarekani Chris Bangle. Kifuniko cha buti kilionekana kama kimewekwa juu ya gari badala ya kuwa sehemu yake. Wapenzi wa BMW waliwaka. Maelfu walitia saini ombi la kutaka mtu huyo aondolewe kazini. Hakuondolewa wakati huo. Alikaa mpaka 2009, na namna ile ya kukunja bati aliyoianzisha ikaigwa na kampuni nyingine kadhaa. Vijana waliokuwa watoto mwaka 2001 sasa wanalitazama gari lile lile na kulilinganisha na BMW za leo zenye wavu wa mbele mkubwa kama mlango wa stoo, nao wanasema: laiti wangeendelea na ile ya zamani!

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi watu wa barabara za vumbi ni cha Land Rover. Gari lile lilizaliwa 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, na pande zake zikawa bapa kwa kuwa bati bapa ni rahisi kukunja. Uzuri wake haukukusudiwa na mtu. Ulitokana na uhitaji. Sura ile, kwa mabadiliko madogo madogo, iliendelea kuundwa mpaka tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya ilipooneshwa mwaka 2019, ikiwa na pembe zilizolainishwa na viti vya starehe, wazee wa Land Rover walilia kwamba imekuwa gari la kupeleka watu madukani. Wakati huo huo tajiri mmoja wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alikwisha kuanzisha mpango wa kuunda gari lake la pembe nne kwa ajili ya wale walioachwa na huzuni. Wenye Land Rover walitaka umbo lile la kale lisajiliwe kuwa alama yao ya biashara. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Uingereza iliwakatalia. Sehemu ya hoja ilikuwa kwamba tofauti zinazoonekana kubwa machoni mwa wabobezi huenda mnunuzi wa kawaida hata asizitambue.

Tulisoma jambo hilo tukacheka, maana ndilo neno ambalo wapenzi wa magari hawataki kulisikia. Wanagombana miaka na miaka juu ya upana wa taa na mkunjo wa mlango, na mtu wa kawaida anauliza kama gari linabeba magunia mangapi.

Je, basi yote ni ya macho tu, kila kizazi kinapenda cha ujana wake, na mjadala ufungwe? La. Zipo sababu za kweli zilizobadilisha sura za magari, na asiyezijua atakuwa anamlaumu mchoraji kwa kosa la mwingine.

Sababu ya kwanza ni upepo. Mafuta yalipopanda bei kwa ghafula mwaka 1973, watengenezaji walitambua kwamba gari linalopasua hewa kwa shida linakunywa mafuta bure. Mwaka 1982 Audi ilitoa gari la familia, Audi 100, ambalo kipimo chake cha ukinzani wa hewa kilikuwa 0.30, kiasi cha ajabu kwa wakati ule, na vioo vyake viliwekwa sawasawa na bati ili hewa isikwame popote. Mwaka huo huo Ford iliiondoa Cortina, iliyojulikana sana hata kwetu, na kuileta Sierra iliyoviringwa. Wanunuzi wa Uingereza waliidhihaki kwa umbo lake. Hata hivyo hewa ni moja duniani kote. Ukiwapa wachoraji kumi kazi ya kuiridhisha hewa ile ile, kwa vipimo vile vile vya abiria watano na mizigo yao, usishangae wakikuletea michoro inayofanana. Hii ndiyo sehemu kubwa ya jibu la lile swali la kwa nini magari ya leo yote ni mamoja. Sehemu iliyobaki ni biashara: kampuni nyingi hutumia chasisi moja kwa magari mengi, na hakuna anayetaka kuhatarisha fedha kwa kuchora kitu kitakachochekwa.

Sababu ya pili ni uhai, na hapa tunaomba msomaji asipite haraka.

Magari ya Marekani ya miaka ya 1950 ndiyo yanayosifiwa kupita yote kwa urembo. Yalikuwa na mapezi nyuma kama ya papa, na mwaka 1959 mapezi ya Cadillac yalifikia kimo ambacho hakikupata kufikiwa tena. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu kuhusu hatari za magari ya nchi yake, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni jinsi yale mapezi yalivyowajeruhi watembea kwa miguu, na watoto pia, hata gari likiwa limesimama. Pambo ambalo lilichorwa kumfurahisha anayetazama lilikuwa na ncha, na mchoraji hakumfikiria mtu atakayeiangukia.

Kisha lipo jaribio la mwaka 2009. Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama wa barabarani, ijulikanayo kwa herufi za IIHS, ilikuwa inatimiza miaka 50. Walichukua Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, gari refu, zito, la kupendeza mno, wakaligonganisha uso kwa uso, upande wa dereva, na Chevrolet Malibu ya 2009, gari la kawaida ambalo hakuna atakayeligeukia njiani. Mwendo ulikuwa takriban kilomita 64 kwa saa kwa kila moja. Ndani mliwekwa masanamu ya majaribio. Wapenzi wengi wa magari ya kale walitarajia chuma kizito cha zamani kilikanyage gari jipya kama kopo. Ilikuwa kinyume. Sehemu anayokaa dereva wa Bel Air ilisinyaa, usukani ukasukumwa juu yake, na dereva huyo angekufa. Dereva wa Malibu, akiwa amefunga mkanda na amepokewa na mfuko wa hewa, angetoka na maumivu ya mguu.

Tangu tulipoijua habari hiyo hatuwezi tena kuusikia ule msemo wa “zamani walitengeneza chuma” bila kujiuliza nani alilipia ugumu wa chuma hicho. Gari la leo limetengenezwa makusudi lisinyae mbele ili aliye ndani asisinyae. Bampa linaloonekana kama la plastiki limefunika mtambo mzima wa kupokea pigo. Na zile nguzo nene za paa zinazochukiwa ndizo zinazolizuia paa lisiwaangukie watoto gari likipinduka.

Kadhalika sheria za Ulaya, kwa agizo la 2003 lililoanza kutumika kwa magari ya aina mpya mwaka 2005, ziliwataka watengenezaji wamfikirie pia aliye nje. Kichwa cha mtu aliyegongwa huangukia boneti, na chini ya boneti ya zamani, kwa umbali wa vidole viwili, ilikuwapo injini ya chuma. Ikabidi boneti iinuliwe kiasi, ibaki nafasi ya kubonyea. Pua zile nyembamba zilizolala chini, ambazo vijana wa miaka ya 1980 walibandika picha zake ukutani, zikawa ngumu kuchora. Taa zile zilizochomoza na kujificha nazo zilikwisha kutoweka. Magari ya mwisho kuwa nazo yaliacha kuundwa mwaka 2004.

Tulipofika hapa katika maelezo yetu, usiku ule ofisini, mdogo mtu alikuwa anatabasamu. Aliona ameshinda. Kaka yake alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo dada yao alipozungumza. Yeye ndiye anayewapeleka watoto shule asubuhi na madrasa alasiri, wake wawili na watatu wa kaka zake. Alisema: “Ustadhi, hawa ndugu zangu wanabishana gari lionekaneje. Hakuna aliyeniuliza mimi nikikaa kwenye usukani naona nini.”

Tulinyamaza. Miaka yote ya kubishana barazani juu ya 504 na Land Rover na BMW, hatukuwahi kumsikia mtu akiuliza hivyo, wala sisi wenyewe hatukuwahi.

Maana ukilitazama jambo kwa upande huo, magari mapya hayatoki na ushindi safi. Boneti iliyoinuliwa kidogo kwa ajili ya kumlinda mtembea kwa miguu ni kitu kimoja. Boneti iliyoinuliwa mpaka kifuani mwa mtu mzima, ikasimamishwa wima kama ukuta, ni kitu kingine, na hiyo haikuagizwa na sheria yoyote. Imeagizwa na soko. Watu wanataka gari linalotisha, na wauzaji wamewapa: taa zilizokunjwa kama nyusi za mtu mwenye hasira, wavu wa mbele unaofunika uso mzima hata katika magari ya umeme yasiyo na haja ya hewa nyingi mbele. Taasisi ile ile ya IIHS ilichunguza karibu ajali 18,000 za watembea kwa miguu na mwaka 2023 ikatangaza matokeo: magari yenye boneti iliyozidi sentimita 102 kwa kimo, uwezekano wake wa kuua mtu yalipomgonga ulikuwa mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko wa magari yenye boneti isiyozidi sentimita 76 iliyoinama. Sababu haihitaji elimu kubwa. Gari la chini humpiga mtu miguuni na kumlaza juu ya boneti. Gari la juu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani, kisha humwangusha mbele ya magurudumu yake.

Na zile nguzo nene tulizozisifu punde hivi, zinazowalinda walio ndani, ndizo zinazomficha mtu anayevuka kona. Nguzo nyembamba za 504 zilimwonesha. Kwa hiyo mpenzi wa magari ya zamani anapolalamika kwamba ndani ya gari la kisasa anajihisi kama yuko shimoni, hasumbuliwi na uzee. Analalamikia kitu cha kweli, ingawa yeye hukiita uzuri.

Tunaongeza pia suala la vioo vya kugusa, ambavyo vimechukua nafasi ya vitufe. Kitufe cha zamani dereva alikipapasa bila kuondoa macho barabarani, kioo hakipapasiki. Shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, limeweka kipimo kipya kuanzia mwaka 2026: gari hupata alama zaidi likiwa na vitufe au vishikio vya mkono kwa mambo ya lazima, kama vile taa za kuonesha upande, honi na waipa. Wapenzi wa dashibodi za zamani walikuwa wanalisema hilo muda mrefu, wakaitwa washamba.

Juu ya ufundi hatutasema mengi, kwa kuwa kila msomaji mwenye gari anayo yake ya kusimulia. Bampa la 504 fundi wa mtaani huliweka juu ya gogo na kulinyoosha kwa nyundo. Taa ya gari jipya ikipasuka hubadilishwa nzima, na bei yake humfanya mtu akae chini kwanza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulifanya jambo ambalo baadhi ya wajumbe wa kamati wameliona halifanani na heshima ya ofisi. Tulikwenda nyumbani kwa ndugu hao. Jirani yao ana gari refu la aina ile anayoitaka mdogo mtu, naye, Mungu amjaze kheri, aliliazima kwa nusu saa. Tukayasimamisha magari mawili sambamba uani, lile la marehemu mzee likiwa limesukumwa kwa mikono. Dada mtu akakaa kwenye usukani wa moja, kisha wa jingine. Mbele yake tulimchutamisha mwanawe wa kiume wa miaka saba, kama achutamavyo mtoto anapofunga kiatu njiani. Tukamwambia mtoto arudi nyuma hatua kwa hatua, akiwa amechutama, mpaka mama yake aseme anakiona kichwa chake.

Kwenye 504 alisema “namwona” mtoto akiwa kwa kadiri ya hatua moja ya mtu mzima. Kwenye gari refu tulihesabu hatua nne. Katika hatua tatu za kwanza mama alikuwa anatazama mbele, macho wazi, mchana kweupe, na hakujua kama mtoto yupo. Mdogo mtu hakusema neno. Akapanda yeye mwenyewe kuthibitisha, na yeye ni mrefu kuliko dada yake. Alipata hatua tatu na kitu.

Kisha dada akafungua milango ya nyuma ya 504 akatuonesha viti. Hakuna mkanda hata mmoja katika safu mbili za nyuma. Tukakumbuka tulivyokuwa tukipakiwa watoto wanane katika gari kama lile kwenda ziara za madrasa, tukiimba kasida, wadogo wakiwa wamesimama kati ya viti vya mbele. Alhamdulillah tulifika salama kila mara. Kaka mkubwa naye aliitazama safu ile ya mwisho, ambayo ndiyo aliyokuwa akikaa yeye, akafunga mlango taratibu kwa mikono miwili, kama baba yake alivyokuwa akiufunga.

Makubaliano yao hayakuwa yetu kuyatoa, na hatukuyatoa. Tuliwaambia tu kwamba fedha za gari la watoto zipimwe kwanza kwa mikanda, mifuko ya hewa na boneti iliyo chini, na kwamba sura ije baadaye. Wanatafuta gari dogo la chini, la mlango wa nyuma, la kawaida kabisa, ambalo kaka mkubwa amekwisha kusema halina uso. Dada amejibu kwamba uso atakuwa nao yeye atakayeliendesha.

504 haitauzwa kwa sasa. Kaka mkubwa amelinunua fungu la mdogo wake na la dada yake kwa makadirio ya mafundi wawili, na yameandikwa mbele ya mashahidi. Amepata kabureta. Anatafuta wavu wa mbele, ule ambao mafundi wetu huuita sho, wenye nembo ya simba katikati, na ameomba tuulizie kwa wasomaji wetu: aliye nao, mzima, usiopinda, auache ofisini msikitini, na bei yake aiandike kwenye karatasi.